Pumzi ya Aliyelala

Kasansa, 14 Machi 1996

Kaka Ponsian,

Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Kile kifua chako kilichokuwa kinakerwa na vumbi la chaki kimetulia? Huku mvua imetosha, mpunga umesimama vizuri majarubani, Specioza na watoto wanakula na kulala. Mwenye habari mbaya ni mimi.

Usishangae mwandiko. Naandika nimelala chali, karatasi nimeiegemeza kwenye kipande cha ubao juu ya magoti. Tangu Januari pumzi inanikimbia. Nikisimama, hata kabla sijafika kisimani, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na kucha zinageuka rangi ya zambarau iliyoiva. Nikilala, pumzi inarudi yenyewe kama mbwa aliyefukuzwa mlangoni. Marehemu babu alikuwa na pumu, unakumbuka, yeye akilala ndiyo alikuwa anakosa hewa. Mimi ni kinyume chake. Sijawahi kuona wala kusikia.

Kuna na mengine. Ncha za vidole vyangu zimevimba kama virungu vya ngoma, kucha zimebinuka. Kifuani yametokea madoa mekundu yenye miguu miguu kama buibui wadogo. Nikibonyeza doa linapotea. Nikiachia, miguu inatambaa kurudi mahali pake. Specioza hataki tena kuniangalia nikioga.

Lakini kilichonifanya niandike si hayo. Wewe umekaa mjini, labda umeanza kusahau: kwetu mtu mzima hapokei salamu akiwa amelala. Hata mwenye homa kali anainuliwa, anakalishwa, anaitikia. Anayesalimiwa akiwa amelala ni maiti peke yake. Basi kila mgeni akibisha hodi, Specioza ananiinua. Na kila nikiinuliwa kuitikia salamu, narudi kuwa mweusi midomoni mbele ya huyo mgeni.

Mgeni wangu wa kila asubuhi ni Shangazi Sikujua. Anakuja na uji wa ulezi, anasimama mlangoni, anasema, "Umeamkaje, baba?" Nikiitika tu, giza. Watu wameanza kuliona hilo. Wanasema anakuja kunywa pumzi yangu kabla jua halijapanda, maana mwenyewe ni mzee na pumzi yake imekwisha. Unajua macho yake yalivyo mekundu kwa moshi wa kuni. Unajua pia huku macho mekundu ya bibi kizee yanamaanisha nini kwa watu.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Method


Mpanda, 2 Aprili 1996

Mdogo wangu Method,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Sisi wazima, kifua changu usikiulize, chaki haijawahi kumuua mwalimu, kinachoua walimu ni wakuu wa shule. Wasalimie Specioza na watoto.

Sasa nisikilize. Nchi hii ina miaka thelathini na mitano ya uhuru na bado mtu mzima mwenye akili zake anahesabu ni bibi gani alipita mlangoni kabla ya uji. Vikongwe wanakatwa mapanga usingizini kwa sababu walipika kwa kuni maisha yao yote. Nimeandika magazetini kuhusu jambo hili hadi wahariri wakachoka na jina langu. Wachawi wangekuwa na uwezo huo, nani angekuwa anatutawala? Wangekuwa wao, tena labda tungeona barabara ya lami.

Mwanamke huyo alitulea. Mama alipokufa wewe ulikuwa hujaota meno, akakubeba mgongoni mpaka Majimoto kutafuta maziwa kwa wafugaji, kwenda na kurudi, kila siku. Ukikaa kimya wakati wanamsema, mimi sina mdogo.

Kuhusu pumzi, acha kulala. Mgonjwa asiyepumua vizuri huketishwa, hilo hata mwanafunzi wa kidato cha pili analijua. Ukilala unayabana mapafu yako. Weka magunia mawili ya pumba nyuma ya mgongo, ukae wima mchana, na ukiweza usiku pia. Unajisikia vizuri ukilala kwa sababu umejiaminisha hivyo. Na macho yako je, yana manjano? Kama umeanza gongo, sema ukweli.

Nimemwandikia pia mwenyekiti wa kijiji na kamanda wa sungusungu. Nimewaeleza wazi kwamba ni wajinga na kwamba sheria ipo.

Kaka yako,
Ponsian


Kasansa, 5 Mei 1996

Kaka Ponsian,

Hali zenu? Barua yako ilifika na lori la mpunga, nikafurahi kuona mwandiko wako. Macho yana manjano kidogo, ndiyo. Gongo unajua sijaionja, tangu kipaimara changu mpaka leo.

Nilifanya ulivyosema. Nilikaa wima kwenye magunia siku tisa. Kaka, sijui niielezeje siku ya nne na kuendelea. Nilikuwa nasikia watu wakizungumza uani, halafu nagundua uani hakuna mtu. Nilimwona mama amekaa kwenye kinu, mama ambaye sura yake siijui, na nikajua ni yeye. Kucha zilikuwa nyeusi hata kabla mtu hajaja. Siku ya tisa Shangazi aliingia, akasema ile salamu yake, nikafungua mdomo kuitika, nikaanguka mbele kama gunia. Walionilaza chini walidhani wananilaza kwa mara ya mwisho. Baada ya dakika chache nikafumbua macho, midomo ikarudi rangi ya mtu. Specioza aliyaona yote mawili, kuanguka na kurudi. Sasa na yeye ananyamaza Shangazi anapotajwa.

Barua yako kwa mwenyekiti ilisomwa barazani. Mwanzoni walicheka ulipowaita wajinga kwa Kiswahili kizuri namna ile. Baadaye hawakucheka. Wakauliza kwa nini msomi wa Mpanda anamtetea bibi huyu kwa hasira hivyo, kama si kwamba naye amefungwa na uchawi wake. Ngolo, kamanda wa sungusungu, alikuja mwenyewe hadi kwangu. Specioza aliniinua nimpokee. Alinitazama midomo ikibadilika, akasema taratibu bila chuki yoyote, "Method, wewe ni mtu wetu. Ukifa, mazishi yatakuwa mawili."

Angalia jambo hili, kaka. Siku hiyo nilikuwa mweusi mbele ya Ngolo. Shangazi alikuwa shambani. Lakini hakuna aliyesema Ngolo amekunywa pumzi yangu. Nililiona mimi peke yangu.

Shangazi amekatazwa kufika hapa. Anaacha uji njia panda, Specioza anaumwaga.

Mdogo wako,
Method


Mpanda, 20 Mei 1996

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Uje. Kuna daktari Mrundi, mama anayeitwa Séverine, anakuja Katumba kwenye makazi ya wakimbizi mara moja kwa mwezi, na wiki ya pili ya Juni atapita hapa Mpanda. Dereva wa lori la mpunga nimezungumza naye. Atakulaza juu ya mzigo kama unataka kulala. Mimi bado nasema ukae.

Shangazi mwambie afunge mlango.

Kaka yako,
Ponsian


Kasansa, 30 Juni 1996

Kaka Ponsian,

Nimefika salama, na namshukuru shemeji kwa chakula na kitanda. Dereva alinifunika blanketi la buluu sababu ya vumbi, nikalala juu ya magunia matupu. Pale Kibaoni lori liliposimama, wanaume sokoni walivua kofia. Mmoja alimuuliza dereva mazishi ni wapi. Nikamjibu mwenyewe kutoka ndani ya blanketi kwamba hatujaamua bado. Alikimbia, kaka, akaacha ndala. Nilicheka hadi Majimoto, halafu nikaona hakuna cha kuchekesha.

Nakumbuka kile kifaa cha daktari kilichonibana kidole kama kibanio cha nguo, namba nyekundu za hewa iliyo kwenye damu zikiwaka. Nimelala, tisini. Nimesimama, zikaanza kushuka huku wote tukizitazama: themanini na tano, themanini, sabini na tatu. Nilikuona uso wako, kaka.

Alisema atamwandikia mwenzake Dar es Salaam kabla ya kutaja jina la ugonjwa. Nangoja. Huku vijana wamechora msalaba wa masizi mlangoni kwa Shangazi. Kila siku anaufuta, asubuhi anaukuta.

Mdogo wako,
Method


Mpanda, 18 Agosti 1996

Mdogo wangu Method,

Natumaini barua hii inakukuta umelala. Nimeyaandika maneno hayo kwa kukusudia.

Jibu limekuja kutoka Dar na daktari Séverine amekaa nami kunieleza mpaka nikaelewa. Mapafu yako hayana kosa. Lenye ugonjwa ni ini. Limekakamaa, kwa virusi ambavyo huenda vilikuingia ukiwa mtoto. Gongo haina mkono hapa na neno lile nalifuta. Ini likiharibika hivyo, damu inabaki na vitu ambavyo ini lilipaswa kuviondoa, na vitu hivyo vinalegeza mishipa midogo kabisa ya mapafu. Inapanuka. Wewe ni mkulima wa mpunga, utanielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi: mfereji mwembamba maji yanakwenda polepole, kila mche unakunywa. Kingo zikibomoka mfereji ukawa mpana, maji yanapita katikati kwa kasi, yanafika ng'ambo, na miche imebaki mikavu. Ndivyo damu yako inavyopita mapafuni. Hewa ipo, damu ipo, hazigusani.

Na mtu akisimama, damu nyingi inashuka sehemu ya chini ya mapafu, ambako ndiko mishipa ilikobomoka zaidi. Akilala inatawanyika, inapata hewa. Vidole vile na wale buibui wa kifuani vinatokana na ini hilohilo.

Kwa hiyo mwili wako ulikuwa unakwambia ukweli tangu Januari, nami nikakuamuru usiusikilize. Nilikuwa na vitabu vinne mezani nilipoandika ile barua ya Aprili, Method. Vinne. Hakuna hata kimoja nilichokifungua, nilikuwa na hasira na nilikuwa na uhakika. Siku tisa. Nawatukana wanaohesabu vikongwe mlangoni, na mimi nilikukalisha kwenye magunia kwa sababu hiyohiyo yao, kwamba kila mtu anajua.

Dawa haipo hapa nchini. Ulaya wanabadilisha ini zima. Hewa ya mtungi ingekusaidia na naitafuta. Nyingine ni kulala.

Barua ya daktari imo ndani ya bahasha hii, ina mhuri. Isomwe barazani. Safari hii sijamtukana mtu.

Kaka yako,
Ponsian


Kasansa, 30 Agosti 1996

Kaka Ponsian,

Habari za siku? Sisi tupo. Tumbo langu limeanza kujaa maji, miguu nayo. Specioza anavuna peke yake.

Usijilaumu sana, unanichosha. Mimi nilikaa wima kwa sababu ni wewe uliyesema, na wewe ulisema kwa sababu unanipenda vibaya kama unavyopenda kila kitu. Mfano wa mfereji nimeuelewa. Nimeutazama majarubani kupitia mlangoni, nikauona.

Barua ya daktari ilisomwa. Walisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akasema karatasi ya kwanza ilikuwa yako, na ya pili imepita mikononi mwako. Ngolo akauliza, kama ni ini, mbona linamjua Shangazi likimwona? Wengi wakaitikia. Jumatano wakati Specioza yuko shambani walimtoa Shangazi nje wakaangalia chini ya kitanda chake. Walipata chupa. Ilikuwa mafuta ya taa. Wakaondoka nayo, hawakuirudisha, sasa anakaa gizani.

Kaka, mimi nakufa na tunajua. Ninachoogopa ni kile kilichosemwa, mazishi mawili. Nikifa hapa kitandani huku hawajaamini, watatoka msibani kwangu moja kwa moja hadi kwake.

Kwa hiyo nimewaita. Jumamosi tarehe saba, uwanja wa godauni la mpunga, mchana kweupe. Kwanza nitalala chini kwenye mkeka, Shangazi atakaa kando yangu na kunishika mkono mbele ya wote muda wa kupika wali. Halafu sungusungu wawili watampeleka Majimoto, mbali. Halafu nitasimama, na mtu yeyote asinikaribie hatua ishirini, asinisalimie. Waone linalokuja linakuja lenyewe. Nimeomba nirudie mara tatu, kwa sababu Ngolo haamini kitu cha mara moja.

Specioza amekataa, amelia, sasa anashona suruali yangu ile nzuri ili isidondoke kiunoni. Shangazi sijamwambia sababu. Yeye anadhani tunaitwa kusuluhishwa.

Mdogo wako,
Method


Mpanda, 9 Septemba 1996

Method,

Barua yako imenifikia leo. Jumamosi ilikuwa juzi.

Sijui namwandikia nani. Juzi saa sita mchana nilikuwa nasahihisha madaftari, nilikuwa na chai, nilikuwa nambishia mwenzangu kuhusu vyama vingi. Najaribu kukumbuka kama nilisikia chochote. Sikusikia chochote.

Lori lilikwenda jana na halitakwenda tena mpaka Alhamisi, na Alhamisi mkuu wa shule hanipi ruhusa. Nimemwuliza kila dereva anayetoka upande huo. Mmoja anasema Kasansa kuna msiba. Mwingine anasema hakuna, ila watu wamebadili njia, hawapiti tena karibu na nyumba fulani. Ya nani, hajui.

Kama upo, nijibu hata neno moja. Specioza, kama ni wewe unayesoma, nijibu wewe. Yuko wapi Shangazi?

Ponsian


Kasansa, 12 Septemba 1996

Kaka Ponsian,

Nipo. Shangazi yupo. Naanza na hilo ili uweze kuketi. Hali yako? Dereva anasema umekonda.

Nitaandika kidogo kidogo, Specioza ananishikia ubao. Tulifanya kama nilivyokwambia. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada. Shangazi alinishika mkono, akawa ananisimulia habari za kuku wake mbele ya kijiji kizima kana kwamba tuko jikoni. Ngolo alikuwa amechuchumaa anatazama kucha zangu. Hazikubadilika. Wakampeleka.

Alipokwisha kupotea machoni nilisimama. Hakuna aliyeniambia hata pole. Niliwatazama, wakaanza kuwa wa kijivu, nikasikia mtoto akisema, "Mama, midomo." Nikalala. Nikarudi. Nikasimama tena. Mara ya pili kulikuwa na sauti nyuma yangu ikiniita kwa jina la utotoni, lile ambalo wewe na Shangazi tu mnalijua. Sikugeuka. Nikalala, nikarudi, na Shangazi bado yuko mbali. Mara ya tatu sikumbuki kuanguka. Specioza anasema nilianguka nikiwa nimenyooka, kama mlango.

Nilipofumbua macho Ngolo alikuwa ameinama juu yangu. Hakuwa na hasira. Aliwaambia wenzake, "Mwacheni mama. Huyu hajauawa na mtu. Huyu ni maiti inayoinuka."

Basi imekuwa hivyo. Wale waliomfuata Shangazi Majimoto walimrudisha wakiwa wamembebea kapu. Msalaba wa masizi haujachorwa tena. Chupa ya mafuta imerudishwa, imejaa. Ila njia inayopita kwetu imehamishwa, inazunguka kwa jirani Josephat. Wanaokuja wanasimama nje ya mlango, hawaniinui tena, wanainamisha kichwa kwa muda, kisha wanaongea na Specioza kuhusu mimi. Mwenyekiti alisema nilikuwa mtu mkarimu. Ngolo alisema nilikuwa jasiri, akamwuliza Specioza kama nilikuwa na madai yoyote na mtu. Nikamjibu mwenyewe kutoka kitandani kwamba sina. Akaendelea kumsikiliza Specioza, kama vile kilichosema ni mlango. Watoto wangu shuleni wanaitwa wa marehemu.

Kuna wakati, nikiwa nimelala muda mrefu na kucha zangu ni nzuri, nawasikia pale nje wakinisifu, na mimi mwenyewe sina uhakika.

Shangazi anaingia. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na uji wake, akanitazama nimelala, nikajua anafikiria atanisalimiaje. Aliuweka uji chini. Alikuja akalala chali kwenye mkeka kando ya kitanda, mifupa ile yote ikalia. Akatazama nyasi za paa kama ninavyozitazama mimi.

"Umeamkaje, baba?"

Nikaitika. Tukakaa hivyo hadi uji ukapoa.

Lori linarudi Mpanda kesho na litakuja tena Alhamisi. Panda. Pale njia inapopinda kwenda kwa Josephat usiifuate, pita moja kwa moja.

Mdogo wako,
Method